Vilima vya Maji na Vilima vya Vita: Kutoka Mwingi hadi Njia ya Mombasa

Nchi iliyo kati ya Mwingi na Mombasa ni tambarare kavu yenye vilima vilivyotawanyika. Kaskazini vipo Mumoni, karibu na Mto Tana, na Nuu. Mashariki ya mji wa Kitui vipo Mutitu na Endau. Upande wa Makueni imesimama milima ya Mbooni, Kilungu na Nzaui, na kusini zaidi safu ya Chyulu, ambayo asili yake ni volkano. Ukishuka kuelekea pwani, unakutana na milima ya Taita, Kasigau na Maungu, kisha nyika ya Taru, na mwisho bahari. Vingi vya vilima hivi, ukiondoa Chyulu, ni masalio ya miamba ya kale sana. Udongo na mawe laini yaliyokuwa kando yao yalimomonyoka kwa mamilioni ya miaka, na mawe magumu yakabaki yamesimama.

Mtu akipanda juu ya kimojawapo huona mbali sana. Hiyo ndiyo sababu vilima hivi vimetumiwa kama macho ya nchi tangu zamani: kuangalia wanyama, kungoja misafara, na kuwaona maadui wakiwa bado mbali. Lakini kuona mbali pekee hakumwezeshi mtu kuishi. Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba vilima vyake ni vya aina mbili. Viko vyenye maji, ambavyo watu walivifanya makao na wangali wanaishi huko. Viko visivyo na maji, ambavyo majeshi yalivishika kwa miezi au miaka michache, yakachimba mahandaki, kisha yakaondoka. Ngome zilizoachwa katika nchi hii zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa kwa jicho hilo.

Vilima vilivyokuwa makao

Upepo wa kusi na wa kaskazi hutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu. Ukikutana na mlima hulazimika kupanda, hupoa, na mvua hunyesha. Ndiyo maana vilele vya Mbooni na Kilungu vina misitu na chemchemi, huku nyanda zilizo chini yake zikikauka miezi mingi ya mwaka. Mito ya Kaiti na Thwake, inayoingia Mto Athi, hupata maji yake kutoka milima hiyo.

Masimulizi ya Wakamba yanaanzia mlimani. Inasimuliwa kwamba Mulungu aliwatoa watu wa kwanza katika mwamba wa Nzaui, na katika mwamba huo watu huonyesha alama zinazosemwa kuwa nyayo za watu hao na za mifugo yao. Wanahistoria, kwa upande wao, huitaja Mbooni kuwa mahali ambapo jamii ya Wakamba ilijijenga kama jamii ya wakulima, baada ya kuhama kutoka nyanda za karibu na Chyulu na Kibwezi. Uhamiaji huo kwa kawaida huwekwa katika karne ya 17. Mbooni ilikuwa na mvua ya kutosha kilimo, na miteremko yake ilikuwa migumu kwa washambuliaji waliozoea kupigana katika uwanda.

Kutoka Mbooni, koo zilisambaa. Wengine walikwenda Kilungu na Iveti, wengine walivuka Mto Athi wakaingia Kitui, na baadhi yao wakafika Mumoni na sehemu nyingine za Mwingi. Kadiri watu walivyosonga mashariki ndivyo mvua ilivyopungua, na ndivyo uwindaji, ufugaji na biashara vilivyozidi kuwa nguzo za maisha. Katika Mwingi, mji wa mlimani ulikuwa na faida mbili kwa wakati mmoja: bonde lenye unyevu kwa shamba, na mwamba wa kupandia ili kutazama nyanda za mashariki, ambako Waorma walilisha mifugo, na za kaskazini, kuelekea Mto Tana.

Ulinzi huo haukujengwa kwa mawe. Hapakuwa na jeshi la kudumu wala mfalme. Kila utui, yaani mtaa wa kaya zinazokaa pamoja, ulikuwa na wazee wake na vijana wake. Kiongozi wa msafara wa uwindaji au wa vita, aliyeitwa muthiani, alifuatwa kwa sababu ya ujuzi wake, na safari ilipokwisha mamlaka yake yalikwisha pia. Silaha kuu ilikuwa upinde na mishale yenye sumu. Ngome ilikuwa mlima wenyewe, na ndiyo maana wachimbaji wa mambo ya kale hawapati kuta huko: wanapata mashamba, makaburi na mahali pa ibada.

Kivui, Krapf na mlima ulioonekana kwa mbali

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakuu wa bara upande huu. Misafara yao ilipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Baadhi yao walifanya makao karibu na Rabai, juu ya vilima vinavyotazama bandari. Kwa hiyo njia yao ilianza kwenye vilima na kuishia kwenye vilima.

Mfanyabiashara maarufu zaidi wa zama hizo alikuwa Kivui wa Mwendwa wa Kitui. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alisafiri kutoka Rabai hadi kwake. Kivui alimweleza habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipofunguka, Krapf aliuona akiwa kwenye mwinuko wa Kitui. Aliandika jina lake kama alivyolisikia kwa wenyeji wake, na kutokana na jina hilo limepatikana jina la nchi ya Kenya. Wanajiografia wa Ulaya walibishana kwa miaka mingi kama kweli theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Watu wa Kitui hawakuwa na haja ya mjadala huo, kwa kuwa walikuwa wakiuona mlima huo kutoka kwao siku za hewa safi.

Safari ya pili ya Krapf, mwaka 1851, ilionyesha upande mwingine wa nchi hiyohiyo. Akiwa na Kivui karibu na Mto Tana, msafara ulishambuliwa na Kivui akauawa. Krapf alikimbia peke yake. Alifika mtoni usiku, akanywa, na kwa kuwa hakuwa na chombo alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, kisha akatafuta njia ya kurudi Kitui. Darubini ilimsaidia kuona vilele vya mbali. Kilichomwokoa kilikuwa maji.

Njia iliyofuata visima

Kutoka Mombasa kwenda bara, wasafiri wa karne ya 19 hawakuchagua njia iliyonyooka. Walifuata maji. Baada ya vilima vya Rabai ilikuja nyika ya Taru, ambako maji yalipatikana tu katika ngurunga, yaani mashimo ya mwamba yanayohifadhi maji ya mvua. Kutoka hapo hadi Maungu palikuwa na mwendo mrefu usio na kisima, na misafara mingi iliuenda usiku ili kukwepa jua. Hata baada ya kufika Maungu kazi ilikuwa haijaisha, maana maji yalikuwa juu mlimani, na wapagazi waliochoka walilazimika kupanda kuyachota.

Baada ya Voi na Tsavo msafiri aliingia katika nchi ambayo leo ni Makueni. Hapo safu ya Chyulu ina tabia ya pekee. Kilele chake kinazidi mita 2,000 na mvua hunyesha huko, lakini mito haitelemki juu ya ardhi, kwa sababu mawe yake ya volkano hufyonza maji. Maji hayo hupita chini kwa chini na kutokea miguuni pa safu: Umani karibu na Kibwezi, Makindu, na Mzima upande wa kusini. Jina Makindu lenyewe linatokana na mikindu, miti inayopenda mahali penye maji. Chemchemi hizo ndizo zilizokuwa kambi za misafara, na baadaye vituo vya serikali na vya reli. Chemchemi za Mzima zimekuwa zikiipelekea Mombasa maji kwa bomba tangu miaka ya 1950, kwa hiyo mji wa pwani unakunywa mvua iliyonyesha kwenye vilima vya bara.

Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake mwaka 1888, ilifuata mpangilio huohuo. Mwaka 1889 ilifungua kituo Machakos, mahali palipopewa jina la Masaku, kiongozi na mtabiri wa Wakamba. Maboma ya kampuni yalikuwa madogo: uzio wa miti, handaki pembeni, ghala, na askari wachache. Yalijengwa ili kulinda chakula cha misafara ya kwenda Uganda. Eneo la kampuni likawa chini ya ulinzi wa serikali ya Uingereza mwaka 1895, na mwaka uliofuata ujenzi wa reli ukaanza Mombasa. Katika nyika ya Taru wajenzi walipelekewa maji kwa treni. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na maboma ya njia ya zamani yakaanza kupoteza kazi yake. Hayo yalikuwa makao ya kwanza ya kijeshi kuachwa katika njia hii.

Salaita, Maktau na Kasigau: vita vya 1914 hadi 1916

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mpaka wa Kenya na Tanganyika ya Wajerumani ulikuwa karibu sana na reli ya Mombasa. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Kutoka hapo vikosi vyao vidogo vilipenya nyikani kwenda kutega baruti kwenye reli kati ya Voi na Mtito Andei. Katika safari hizo za siku nyingi bila barabara, tatizo lao kubwa halikuwa adui. Lilikuwa kiu, na baadhi ya vikosi vilitekwa vilipokuwa vikitafuta maji.

Waingereza walijibu kwa kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kwenda magharibi, mwanzoni mwa 1915. Ilipofika Maktau mwezi Juni, kambi kubwa ilikuwa imejengwa hapo, yenye mahandaki na boma la miiba. Maktau haina mto. Bomba la maji lililazwa kutoka milima ya Bura katika Taita, na ukubwa wa jeshi ulipimwa kwa wingi wa maji yaliyoweza kupita ndani yake. Julai 1915 Waingereza walijaribu kuiteka Mbuyuni wakarudishwa. Waliishika Januari 1916, Wajerumani walipokuwa wameiacha.

Mbele ya Mbuyuni kuna Salaita, kilima kimoja kilichosimama peke yake katika uwanda kwenye njia ya Taveta. Aliye juu yake huona kila kinachokuja kutoka mashariki. Wajerumani walikiimarisha, na tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Uingereza, lenye brigedi mpya ya Afrika Kusini, lilikishambulia. Mizinga ilipiga kilele, kwa dhana kwamba watetezi wako huko. Lakini mahandaki yalikuwa yamechimbwa chini, miguuni pa kilima, yakiwa yamefichwa na vichaka. Askari wa Afrika Kusini walipokaribia walikuta risasi zikitoka mahali wasipopatarajia, wakarudi nyuma, na kikosi cha Wabaluchi kutoka India ndicho kilichowazuia Wajerumani kuwafuatia. Siku hiyo upande wa Uingereza ulipoteza askari wapatao 170, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea.

Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts, aliyekuwa amefika kuchukua uongozi, hakukirudia kilima hicho kwa uso. Alipeleka sehemu ya jeshi kuzunguka upande wa kaskazini hadi Ziwa Chala. Salaita haina maji yake yenyewe. Watetezi wake walitegemea maji na chakula kutoka upande wa Taveta na Mto Lumi, na njia hiyo ilipotishiwa walikihama kilima bila vita vya pili. Taveta ilichukuliwa tarehe 10 Machi 1916. Kilima kilichogharimu damu nyingi mwezi Februari kilipatikana mwezi Machi kwa kukitenga na mto.

Kasigau ilipatwa na jambo tofauti. Huo ni mlima wa mita 1,641 unaosimama kusini mwa reli, wenye msitu wa mawingu kileleni na vijiji miguuni pake, kama Rukanga, Jora na Bungule. Kwa sababu una maji, ulikuwa na watu. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku wakazi wake kwamba wanawasaidia Wajerumani, wakawahamisha wote hadi Malindi. Wengi walikufa kwa magonjwa na njaa katika nchi ya joto wasiyoizoea. Wajerumani waliukalia mlima kwa muda kisha wakaondoka, lakini wakazi wake hawakurudi kukaa kwao hadi mwaka 1936. Majeshi yote mawili yaliuhitaji mlima huo kwa miezi tu, na wenye mlima wakatengwa nao kwa zaidi ya miaka 20.

Watu wa Ukambani katika vita viwili

Vita hivyo vilifika Kitui na Makueni kwa njia ya watu waliochukuliwa. Wakamba walikuwa miongoni mwa askari wa jeshi la King's African Rifles, na wengi zaidi waliandikwa, mara nyingi kwa nguvu, kuwa wapagazi. Vita vilipohamia ndani ya Tanganyika, nchi yenye mbung'o isiyofaa ng'ombe wala farasi wa mizigo, kila kilo ya chakula na kila risasi ilipanda kichwani mwa mtu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, hasa kwa kuhara, malaria na nimonia. Makaburi ya wengi wao hayajulikani yalipo. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, na sanamu ya kumbukumbu iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928 inaonyesha mpagazi pamoja na askari.

Kati ya vita viwili, vilima vya Ukambani vyenyewe vikawa suala la serikali. Miteremko ilikuwa imemomonyoka, na wakoloni waliilaumu mifugo. Mwaka 1938 walianza kuikamata na kuiuza kwa nguvu. Maelfu ya Wakamba walikwenda Nairobi kupinga, wakiongozwa na Muindi Mbingu, na wakakaa huko hadi wakasikilizwa. Muindi alihamishwa na kuwekwa Lamu, lakini mpango wa kuuza ng'ombe kwa nguvu uliachwa. Serikali ilijua kwamba vita vingine vinakaribia na kwamba jeshi lake linawategemea vijana wa Ukambani. Miaka iliyofuata, matuta yaliyochimbwa kwenye miteremko ya Mbooni na Kilungu yalizuia udongo usiende, na yanaendelea kuchimbwa hadi sasa.

Vita Kuu ya Pili ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1940, mstari wa ulinzi dhidi ya Waitalia wa Somalia uliwekwa kwenye Mto Tana, na Garissa ikawa kambi ya mbele. Kwa mara nyingine jeshi lilijipanga penye maji. Mapema 1941 majeshi yakavuka kutoka huko hadi Kismayu, Mogadishu na Addis Ababa. Leo barabara ya Garissa inapita Mwingi, Nguni na Ukasi, chini ya vilima ambavyo watu wa Mwingi walivitumia kuitazama nchi hiyohiyo ya mashariki.

Baada ya vita hivyo, Uingereza ilianza mwaka 1947 kujenga ghala kubwa la kijeshi huko Mackinnon Road, kwenye reli katika nyika kavu, ikitafuta mahali pa kuhamishia akiba yake ilipokuwa ikipoteza nafasi India na Misri. Mradi uliachwa baada ya miaka michache. Majengo yake yalipata matumizi mengine mwaka 1954, yalipogeuzwa kambi ya kuwafungia watuhumiwa wa Mau Mau, pamoja na Manyani iliyoko kwenye reli hiyohiyo.

Kilichobaki

Katika Salaita mtu bado anaweza kuona mistari ya mahandaki chini ya vichaka. Kuna makaburi ya kijeshi yanayotunzwa Maktau, Voi na Taveta, ambako waliolala ni Waingereza, Wahindi, Waafrika Kusini na Waafrika Mashariki. Maboma ya kampuni yameoza, kwa kuwa yalikuwa ya miti. Wageni hupanda vilima vya Taita kutazama uwanja wa vita, kama wanavyopanda ngazi za mwamba wa Nzambani karibu na mji wa Kitui kutazama nyanda za mashariki. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inaruhusu mahali pa aina hiyo kutangazwa na kulindwa.

Urithi wa vilima hivi, hata hivyo, ni mpana kuliko mahandaki. Mwamba wa Nzaui, misitu ya Mumoni na Mbooni, ngurunga za Taru na chemchemi za Umani ni kumbukumbu za historia kwa kiwango kilekile na makaburi ya Maktau, nazo zina wajibu ambao mahandaki hayana: bado zinanywesha watu. Mahandaki yakifukiwa, sura moja ya historia itapotea. Misitu ya vilele ikikatwa, vilima vya maji vitakuwa kama Salaita, vizuri kwa kutazama mbali na visivyofaa kukaliwa. Wakazi wa Mwingi, Kitui, Makueni na Taita wanapotaka kulinda historia ya vilima vyao, waanze na miti iliyo juu yake.